Ubavu wa kwanza na mkono unaokufa ganzi: mazoezi, kisu cha kwapani au kisu cha juu ya mtulinga?

Mtu akishaandikiwa TOS kwenye faili, mara nyingi huondoka na ushauri unaopingana. Mtaalamu wa fiziotherapia humwambia afanye mazoezi kwa miezi kadhaa. Daktari mmoja wa upasuaji humwambia ubavu utolewe kupitia kwapani. Mwingine anakataa kabisa habari ya kwapa, anataka kupasua juu ya mtulinga. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa mgonjwa wake. Kinachoamua ni nini kimebanwa na kimebanwa wapi, kwa hiyo tuanze na mifupa, tiba zitafuata.

TOS ni sindromu ya mwanya wa juu wa kifua: neva au mishipa ya damu inayokwenda mkononi hubanwa mahali fulani kati ya shingo na kwapa. Jina hili lilianza kutumika mwaka 1956, lakini mapambano na mifupa ya eneo hili ni ya zamani zaidi. Daktari Coote wa London alitoa ubavu wa ziada wa shingoni mwaka 1861, na Murphy wa Australia akatoa ubavu wa kwanza wa kawaida mwaka 1910.

Mahali penyewe palivyo

Katika jozi 12 za mbavu, ule wa kwanza haufanani na wenzake. Ni mfupi, umepinda kuliko nyingine zote, na umelala bapa: una uso wa juu na wa chini, ilhali mbavu zinazofuata zina uso wa nje na wa ndani. Nyuma umeshikamana na pingili ya kwanza ya kifua, mbele umeungana na mfupa wa kidari, na juu yake umepita mtulinga. Ndiyo maana ni vigumu kuupapasa.

Chochote kinachoelekea mkononi lazima kivuke ubavu huu. Mizizi mitano ya neva, C5 hadi T1 (C ni ya shingo, T ni ya kifua), hutoka kwenye uti wa mgongo na kuunda msuko mmoja wa neva za mkono. Kati ya hiyo mitano, T1 ndio wenye safari mbaya. Hutokea chini ya shingo ya ubavu wa kwanza, kwa hiyo hulazimika kupanda na kuukwea ubavu kwa ndani ili ukutane na C8. Mizizi hiyo miwili hufanya shina la chini la msuko, na shina hilo hukaa juu ya mfupa wenyewe, nyuma ya ateri. Ukiinuka mfupa au ukikaza msuli, la kwanza kuumia ni hilo. Hapo ndipo inapotoka ganzi ya kidole cha mwisho ambayo wagonjwa wengi wa TOS huilalamikia.

Njiani kuna vibano vitatu. Cha kwanza ni pembetatu ya misuli ya skaleni: skaleni ya mbele na skaleni ya kati hushuka kutoka shingoni na kujishikiza kwenye ubavu wa kwanza, na katikati yao hupita neva pamoja na ateri. Vena haipiti humo. Hupita mbele ya skaleni ya mbele. Cha pili ni nafasi kati ya mtulinga na ubavu, ambamo neva, ateri na vena hupita pamoja. Cha tatu kiko chini zaidi, nyuma ya msuli mdogo wa kifua, pale tendo lake (kamba inayofunga msuli kwenye mfupa) linapojishikiza kwenye ncha ya mfupa wa bega iliyo mbele. Ukiinua mkono juu ya kichwa, neva huvutwa na kuzungushwa chini ya tendo hilo kama kamba kwenye kapi.

Kazi mojawapo ya skaleni ni kuinua ubavu wa kwanza na wa pili unapovuta pumzi ndefu. Mtu anayepumua kwa shingo badala ya kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu), mabega yakipanda kila anapovuta hewa, anaupandisha ubavu huo maelfu ya mara kwa siku. Kidokezo hiki ni kidogo, ila ndicho msingi wa karibu mazoezi yote yatakayotajwa hapa chini.

Kisha kuna watu waliozaliwa na ubavu wa ziada unaoota kwenye pingili ya saba ya shingo. Ni kama asilimia 0.5 hadi 1 ya watu, wanawake zaidi ya wanaume, na wengi wao hawaujui maisha yao yote. Mara nyingine ubavu huo haukukamilika, na kilichobaki ni ukano mgumu unaotoka kwenye pingili hadi ubavu wa kwanza. Eksirei haiuonyeshi ukano. Huonyesha tu ncha ya pingili iliyorefuka kuliko kawaida. Kwa hiyo mawili yashikwe pamoja: kuonekana kwa ubavu wa ziada hakuthibitishi TOS, na kutoonekana hakuiondoi.

Neva, vena au ateri?

Hapa uchaguzi ni mwepesi, tusikawie.

TOS ya vena huja kwa kishindo: mkono mzima unavimba, unageuka rangi ya zambarau au bluu na kuwa mzito, aghalabu baada ya kazi au mchezo unaorudia kuinua mkono. Vena imebanwa pale mbele, ubavu unapokutana na mtulinga, na damu imeganda ndani yake. Hii si ya mazoezi. Bonge huyeyushwa kwa dawa inayopelekwa kwa mrija, vizuri ndani ya siku 14 za mwanzo, na baadaye ubavu wa kwanza hutolewa.

TOS ya ateri ni adimu, takriban asilimia 1 ya wagonjwa wote, na karibu kila mara kuna ubavu wa shingo au mfupa mwingine usio wa kawaida. Mkono huwa wa baridi na mweupe, vidole vinaweza kupata vidonda kwa sababu vibonge vya damu vinashuka kutoka pale ateri ilipotanuka. Hii pia ni ya kisu, na haingoji.

Zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wana TOS ya neva. Hao ndio wenye uchaguzi mgumu, na kuanzia hapa nazungumza nao.

Kwanza uhakikishe si kitu kingine

Ningependa kila mtu asome sehemu hii kabla ya kulinganisha upasuaji, maana ubavu ukitolewa kwa ugonjwa usiokuwepo, haurudishwi.

Tazama ganzi ilipo. Neva ikibanwa kwenye kifundo cha mkono, ganzi hukaa kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, na humwamsha mtu usiku akakung'uta mkono. Diski ya shingo inayobana mzizi wa C6 hupeleka maumivu kwenye gumba; inayobana C7 huyapeleka kwenye kidole cha kati. Tena maumivu ya diski huongezeka ukiinamisha shingo nyuma na kuielekeza upande unaouma. TOS ya neva kwa kawaida hukamata kidole cha mwisho na cha pete, pamoja na maumivu ya shingo, bega, na wakati mwingine kifua cha juu, na huchochewa na kuinua mikono: kuchana nywele, kuanika nguo, kushika usukani kwa muda mrefu.

Tatizo ni kwamba neva ya kiwiko nayo hufisha ganzi vidole hivyohivyo viwili. Kuna alama moja inayosaidia, na haihitaji mashine. Ngozi ya upande wa ndani wa kigasha, kati ya kiwiko na kifundo, hupata hisia kutoka kwenye neva nyingine inayojitenga na msuko huko juu, karibu na kwapa. Kubanwa kiwikoni hakuigusi. Kwa hiyo ganzi ikiishia kifundoni au kiganjani, shuku kiwiko. Ikipanda kwa ndani ya kigasha hadi kiwiko, chanzo kiko juu zaidi. Huko juu kuna washukiwa wawili, mzizi wa C8 shingoni na shina la chini juu ya ubavu, na hapo MRI ya shingo ina kazi ya kweli.

Kuna pia sura inayowachanganya hata wazoefu: nyama ya shina la kidole gumba imekonda, lakini ganzi iko kwenye kidole cha mwisho. Wanaoangalia gumba peke yake hupasua kifundo cha mkono. Kumbe nyuzi za T1 zinazoendesha misuli hiyo ya gumba zimebanwa juu ya ubavu kabla hazijaingia kwenye neva ya kati ya mkono. Ukikonda gumba na kufa ganzi kidole cha mwisho kwa pamoja, dai uchunguzi wa ubavu wa shingo na ukano kabla ya kukubali kupasuliwa kifundo.

Kuhusu vipimo vya mkononi, usitishwe na kile cha kugeuza shingo huku daktari akishika mapigo kwenye kifundo. Mapigo hupotea kwa watu wengi wazima wasio na ugonjwa wowote, na tena yanapima ateri, si neva. Kipimo cha kuinua mikono na kufumba na kufumbua viganja kwa dakika 3 kina maana zaidi, hasa kikileta dalili zako zilezile na si uchovu tu. Kipimo cha umeme wa neva mara nyingi hutoka safi katika TOS ya neva isiyokondesha misuli, na majibu safi hayamaanishi kwamba unajisingizia. Kinachonishawishi kuliko vyote ni sindano ya ganzi kwenye skaleni ya mbele, inayochomwa kwa kuongozwa na ultrasaundi: maumivu yakitulia kwa saa chache na mkono ukainuka, kuna sababu ya kuamini kwamba kulegeza eneo hilo kwa kisu kutasaidia.

Mazoezi au kisu?

Mazoezi hayatoi ubavu wala hayakati ukano. Yanachoweza kufanya ni kuushusha ubavu kidogo, kulegeza skaleni na msuli mdogo wa kifua, na kurudisha bega mahali pake ili mtulinga usiukandamize ubavu. Kwa mtu ambaye tatizo lake ni misuli iliyokaza baada ya ajali ya shingo, au mabega yaliyoporomoka kwa kazi ya kuinama, milimita hizo chache zinatosha.

Programu nzuri huanza na pumzi ya kiwambo na mkao, kisha kunyoosha skaleni taratibu, kutelezesha neva bila kuzivuta, na mwisho kabisa kuimarisha misuli inayoshikilia bega. Mpangilio huo una maana. Ukianza kwa kunyanyua vyuma, au ukifanya kunyoosha neva kuwe mashindano ya maumivu, utaondoka ukiwa mbaya kuliko ulivyoingia. Mazoezi ya shingo ya jumla si tiba ya TOS. Kama umefanya hayo tu, usiseme fiziotherapia imeshindwa. Muda wa haki ni miezi 3, wengine hadi 6.

Wengine hupewa botoksi kwenye skaleni ili ilegee wakati mazoezi yanaendelea. Jaribio lililochapishwa 2011, lililoilinganisha na maji ya chumvi, halikuona tofauti ya maana. Mimi nisingeitegemea.

Kwa walioshindwa na mazoezi, kuna ushahidi wa kueleweka kutoka Uholanzi. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 50 ambao fiziotherapia haikuwasaidia: nusu walipasuliwa mara moja kupitia kwapani, nusu wakaendelea bila kisu. Baada ya miezi 3 waliopasuliwa walikuwa na mikono inayofanya kazi vizuri zaidi, kwa tofauti iliyo wazi. Jaribio ni dogo, na lilifanywa na timu inayofanya upasuaji huo kila siku. Yote mawili yakumbukwe.

Kuna kundi moja ambalo sishauri likae miezi 6 likisubiri: wale ambao misuli ya kiganja imeanza kukonda. Neva iliyokatika nyuzi huota upya kwa kadiri ya milimita 1 kwa siku. Kutoka juu ya ubavu hadi shina la gumba ni zaidi ya sentimita 60, yaani karibu miaka miwili, na msuli uliokaa bila neva kwa muda kama huo kwa kawaida hauamki tena. Kwao upasuaji hufanywa zaidi ili kuzuia hasara isiendelee. Maumivu hupungua, nyama ya gumba mara nyingi hairudi, na ni heri kuambiwa hivyo kabla.

Kwapani au juu ya mtulinga?

Njia ya kwapani ilienezwa na Roos kuanzia 1966. Ile ya juu ya mtulinga ina mizizi mirefu zaidi: Adson alikata skaleni ya mbele kupitia hapo mwaka 1927. Kukata skaleni peke yake kulipoteza sifa baadaye kwa sababu dalili zilirudi kwa wengi. Leo njia zote mbili hulenga kutoa ubavu na kuachanisha misuli. Zinatofautiana katika kinachofikiwa vizuri.

| | Kwapani | Juu ya mtulinga |
|---|---|---|
| Kinachoonekana vizuri | Ubavu wa kwanza, shina la chini, vena | Skaleni zote, msuko mzima wa neva, ateri, ubavu wa shingo |
| Kigumu kufikia | Skaleni kwa urefu wake, mizizi ya juu, ateri ikihitaji kurekebishwa | Sehemu ya mbele ya ubavu, karibu na vena |
| Kilicho hatarini zaidi | Neva ya ngozi ya ndani ya mkono wa juu, shina la chini | Neva ya kiwambo, neva ya msuli wa bapa la bega, mfereji wa limfu upande wa kushoto |
| Kovu | Limefichika | Linaonekana juu ya mtulinga |

Njia zote mbili zinaweza kutoboa utando wa pafu, na mgonjwa akawekewa mrija wa kifua kwa muda mfupi. Hilo halitofautishi.

Neva ya kiwambo ndiyo ningeizingatia kwenye safu ya kulia. Hushuka ikiwa imelala juu ya skaleni ya mbele, msuli uleule unaokatwa, hivyo lazima isogezwe. Mara nyingi ikichubuka hurudi baada ya miezi, lakini kwa mtu mwenye ugonjwa wa mapafu miezi hiyo ni mirefu. Kwenye safu ya kushoto, wengi huamka na ganzi ya kwapa na ndani ya mkono wa juu. Inaudhi, haidhoofishi mkono, na kwa kawaida hupungua.

Kwa hiyo: ubavu wa shingo, ukano unaoshukiwa, ateri iliyoharibika, ganzi inayofika gumbani kuonyesha kwamba mizizi ya juu imo, au upasuaji wa pili baada ya wa kwanza kushindwa, hayo yote huelekea juu ya mtulinga. Ganzi iliyobaki kwenye vidole viwili vya mwisho kwa mtu asiye na mfupa wa ziada inaweza kwenda njia yoyote, na hapo ningemfuata daktari kuliko njia. Anayefanya upasuaji wa kwapani kila wiki ni salama kuliko anayefanya wa juu ya mtulinga mara mbili kwa mwaka. Kwa vena, kwapani au njia ya chini ya mtulinga ina faida kwa sababu kipande cha mbele cha ubavu lazima kiondoke chote.

Utasikia pia ikisemwa kwamba kwapani kulishinda kwenye jaribio la 2005. Soma vizuri kilicholinganishwa: upande mmoja ubavu ulitolewa kwapani, upande wa pili neva zilifunguliwa kupitia shingoni na ubavu ukaachwa. Waliotolewa ubavu walibaki na maumivu machache kuliko wenzao. Hiyo ni hoja ya kutoa ubavu. Kuhusu mlango wa kuingilia haisemi mengi.

Na kama maumivu yako makubwa yako mbele ya bega, chini ya ncha ya mfupa, ukibonyezwa hapo mkono mzima unawaka, uliza kwanza kuhusu kukata tendo la msuli mdogo wa kifua. Ni upasuaji mdogo, hauingii kifuani, na kwa waliobanwa hapo peke yake ubavu hauna kosa.

Ya kumuuliza daktari kabla ya kusaini

Muulize atabakiza kipande gani cha ubavu nyuma. Kisiki kirefu karibu na pingili ni miongoni mwa sababu zinazojulikana za dalili kurudi, kwa kuwa T1 na C8 hukwaruzwa na ncha yake na kushikwa na kovu. Muulize kama ataondoa utando unaofunika mfupa, maana ukiachwa mfupa unaweza kuota tena. Muulize mazoezi yataanza lini baada ya kisu. Asiyekuwa na mpango wa fiziotherapia baada ya upasuaji hajakamilisha mpango wake.

Ukiwa na dalili mikono yote miwili, usikubali kupasuliwa pande zote siku moja. Chagua mkono unaouma zaidi, na kabla ya wa pili kiwambo kipimwe kwa ultrasaundi au eksirei inayoonyesha kikisogea, kwa sababu neva ya kiwambo iliyolala upande mmoja mtu huivumilia, zikilala mbili atahangaika kupumua akiwa chali.